Sicilia na mitaa ya Palermo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikitaja Sicilia, kile kisiwa cha kusini mwa Italia ambacho mji wake mkuu ni Palermo, maswali hunijia yaleyale: kutoka kwa jamaa walioko Ujerumani wanaotafuta pa kupumzika siku chache, kwa wanafunzi walioko Milano, na kwa watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaopanga safari yao ya kwanza ya Ulaya. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayonigusa. Ya viza na mabasi nimeyapitia kwa haraka.

Kwa nini Sicilia, wakati kuna Roma, Firenze na Venezia?

Roma utaenda, na ni haki yako uende. Lakini Mswahili akifika Palermo masikio yake huamka. Barabara kuu ya mji wa kale wenyeji huiita Cassaro, na ukiuliza asili yake utaambiwa ni al-qasr ya Kiarabu, yaani kasri. Mtaa wa upande wa bahari unaitwa Kalsa, kutoka al-Khalisa, na mzizi wake ndio ule wa neno letu halisi. Kuna jumba la zamani liitwalo Zisa, ambalo ni al-Aziza, jina ambalo pengine analo shangazi yako. Kuna jumba jingine, Cuba, na hiyo ni kuba. Zabibu za kisiwa cha Pantelleria huitwa zibibbo. Maua ya michungwa na milimau ni zagara, ndugu yake Zahra. Hata mlima wa volkano wa Etna una jina la kale, Mongibello, ambalo nusu yake ni Kilatini na nusu ni jabali.

Haya si mambo ya bahati nasibu. Jeshi lililotoka pwani ya Tunisia lilishuka Mazara mwaka 827, Palermo ikaanguka 831, na Waarabu wakakitawala kisiwa hadi Wanormani, wapiganaji Wakristo wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, walipoingia Palermo mwaka 1072. Walileta michungwa, miwa na ufundi wa kumwagilia maji mashamba. Sisi nasi tuliyapokea maneno hayohayo kwa njia nyingine kabisa, kwa majahazi na pepo za msimu. Kukutana nayo tena yakiwa yameandikwa kwenye kibao cha mtaa wa Ulaya ni jambo ambalo mimi sijalizoea hadi leo.

Nina siku tano tu. Nianzie wapi?

Palermo siku tatu, kisha ama Siracusa ama Catania siku mbili. Usijaribu kukizunguka kisiwa chote. Kina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, ndicho kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Mediterania, na barabara zake zina milima. Wengi wanaorudi wakilalamika ni wale waliolala miji mitano kwa usiku mitano.

Mitaa ya kale ya Palermo ni ipi, na kila mmoja una nini?

Simama kwanza Quattro Canti, njia panda ambapo Cassaro inakatana na Via Maqueda. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17, na kila kona ina jengo lililobonyea kwa ndani, chini chemchemi, juu yake sanamu ya msimu wa mwaka, juu zaidi mfalme wa Hispania, na juu kabisa mtakatifu mwanamke anayeulinda mtaa ulio nyuma yake. Hizo barabara mbili ndizo zinazougawa mji wa kale mafungu manne.

Kalsa ndio ninaoupenda kuliko yote. Fatimiya, ukoo wa watawala wa Kiislamu, waliujenga mnamo mwaka 937 kama ngome ya watawala. Mabomu ya mwaka 1943 yaliubomoa vibaya, na kwa miongo mingi watu waliuogopa. Sasa umeinuka. Nenda Piazza Marina ukaone mti wa jamii ya mkuyu ulioteremsha mizizi kutoka matawini hadi ardhini ikawa nguzo; watoto hujificha ndani yake kama ndani ya nyumba. Ng'ambo ya uwanja kuna jumba la Steri, ambalo lilikuwa gereza la Baraza la Uchunguzi wa Imani la Wahispania kuanzia mapema karne ya 17 hadi 1782. Wafungwa walichora kutani kwa chochote walichokipata: watakatifu, merikebu, mashairi, ramani ya kisiwa. Michoro bado ipo. Nenda na mwongozaji, na usiharakishe. Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa la Lo Spasimo, lisilo na paa, miti imeota ndani, na jioni za kiangazi hupigwa muziki humo.

Albergheria ni mtaa wa soko la Ballarò. Fika saa mbili asubuhi, kabla jua halijakolea. Wauzaji hawanadi, wanaimba: sauti inaanza chini, inapanda, inakatika ghafla mteja akisogea. Wenyewe huiita abbanniata. Samaki aina ya upanga amewekwa kichwa juu ya meza, upanga ukielekea angani. Meza ya jirani kuna mihogo, ndizi za kupika na pilipili mbuzi, kwa sababu Waghana, Wanaijeria na Wabangladeshi wameufanya mtaa huu kuwa kwao. Ukitaka unga wa kusonga ugali Palermo, tafuta hapa.

Capo una soko lake pia, lenye watalii wachache kuliko Ballarò, na upo nyuma ya Teatro Massimo, jumba la opera lililofunguliwa 1897 ambalo ndilo kubwa kuliko yote Italia. Vucciria, upande wa bandari, lilikuwa soko maarufu. Siku hizi meza za wachuuzi ni chache na usiku pamegeuka mahali pa vijana kunywa. Mwenye watoto asilale karibu.

Nikiwa na asubuhi moja tu, nione jengo gani?

Cappella Palatina, kanisa dogo lililomo ndani ya Jumba la Wanormani. Mfalme Roger wa Pili alitawazwa Krismasi ya mwaka 1130, na kanisa hili likawekwa wakfu 1140. Ukiingia, macho yatavutwa na dhahabu: ukuta mzima ni vijipande vya kioo vilivyopangwa na mafundi wa mtindo wa Bizanti, dola ya Wakristo wa Kigiriki, na maandishi ya Kigiriki yanaizunguka kuba. Watu wengi huishia hapo. Wewe inua uso utazame dari. Ni mbao iliyochongwa kwa ufundi wa Kiislamu, vishimo juu ya vishimo kama sega la nyuki, na ndani ya kila kishimo kuna picha: mpiga zumari, ngamia, watu wawili wakicheza sataranji, na dua za Kiarabu za kumtakia mfalme heri na afya. Mfalme Mkristo, mafundi wa kuta Wagiriki, mafundi wa dari Waislamu, chumba kimoja.

Na kuna jambo ambalo mtu wa pwani yetu anapaswa kulijua akiwa pale. Roger ndiye aliyemwajiri mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza mwaka 1154 kitabu kikubwa cha nchi zote za dunia zilizojulikana, chenye ramani ambazo kusini iko juu. Kitabu hicho kinaeleza pwani ya Zanj, na Malindi na Mombasa zimetajwa humo. Kwa hiyo karibu miaka 900 iliyopita, katika mji huu, kulikuwa na mtu aliyekaa akiandika habari za kwetu.

Angalizo la kawaida: Bunge la mkoa hukaa katika jumba hilohilo, hivyo siku za katikati ya wiki sehemu nyingine hufungwa, na kanisa hufungwa kwa wageni wakati wa ibada. Tazama ratiba siku moja kabla.

Zisa ni mbali? Watalii wengi hawalitaji jumba hilo.

Mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kutoka kanisa kuu, nje ya mji wa kale. Wafalme wa Kinormani walianza kulijenga mwaka 1165 liwe pa kupumzikia wakati wa joto. Maji yalipita ukumbini kwenye mfereji wa marumaru, upepo ukaingizwa ndani kwa njia zilizojengwa kutani, na chumba kikapoa bila ya mashine yoyote.

Lakini mimi huwapeleka watu pale kwa ajili ya jiwe moja. Ni la kaburi la mwanamke aitwaye Anna, mama wa padri Grisandus, la mwaka 1149. Mtoto aliandika habari za kifo cha mama yake mara nne: kwa Kilatini, kwa Kigiriki, kwa Kiarabu, na kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kila fungu lina tarehe kwa kalenda ya watu wake. Alitaka majirani wote wasome.

Ni kweli kanisa kuu la Palermo lina maandishi ya Kurani?

Kweli. Yapo kwenye nguzo ya kushoto ya ukumbi wa mlango wa kusini, ni aya kutoka Surat al-A'raf. Nguzo hiyo ilitoka jengo la zamani zaidi. Kanisa lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1184 au 1185, na ndani wamezikwa Roger wa Pili na mjukuu wake, Kaisari Frederick wa Pili.

Monreale na Cefalù, nichague lipi?

Monreale, ukilazimika kuchagua. Ni mji mdogo juu ya kilima, basi huondoka Piazza Indipendenza. Kanisa lake lina zaidi ya mita za mraba 6,000 za picha za vijipande vya kioo na dhahabu, na ua wa watawa una nguzo 228 zilizosimama mbilimbili. Cefalù ni kama saa moja kwa treni; kuna kanisa la 1131, jabali kubwa nyuma yake na ufukwe mzuri mbele. Ukiwa na watoto wanaodai bahari, basi nenda Cefalù.

Nile nini, na Mwislamu aangalie nini?

Anza na panelle. Unga wa dengu hupikwa kwa maji na chumvi huku unakorogwa kama ugali mpaka ushikamane, unatiwa kotimiri ya kizungu, unatandazwa mwembamba, ukipoa unakatwa na kukaangwa. Muuzaji huvitia vipande vitano au sita ndani ya mkate wenye ufuta, anakamua limau juu. Aliyezoea bajia za Mombasa atajisikia nyumbani.

Arancina ni donge la wali wa zafarani lililojazwa kitu ndani, likaviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Palermo husema arancina, Catania husema arancino, na usiingie ugomvi huo. Ile iitwayo al burro ina nyama ya nguruwe pamoja na jibini. Ya nyama ya ng'ombe nayo uliza, maana wengine huchanganya. Pani ca meusa, mkate wa bandama na mapafu ya ndama, hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Neno la kukumbuka ni maiale, nguruwe, na strutto, mafuta yake. Wauzaji hawachukii kuulizwa.

Ukifika upande wa magharibi, Trapani, agiza kuskusi ya samaki. Semolina hufinyangwa kwa mkono, hupikwa kwa mvuke, kisha humwagiwa mchuzi wa samaki wa aina nyingi. San Vito Lo Capo hufanya tamasha la kuskusi kila Septemba. Nyama ya halali inapatikana kwenye bucha za Ballarò, na msikiti uko Piazza Gran Cancelliere, katikati ya mji wa kale.

Na wahalifu wa Mafia je? Ni salama?

Mtalii hatakutana nao. Linda simu na pochi sokoni kama ungefanya Kariakoo, na usiku fuata barabara zenye watu. Lakini usiyafanye mambo haya mzaha, kwa sababu waliokufa wana ndugu zao mjini.

Uwanja wa ndege unaoshukia una majina ya mahakimu wawili waliopambana na Mafia, Giovanni Falcone na Paolo Borsellino. Wote walikulia Kalsa. Tarehe 23 Mei 1992 barabara ya kutoka uwanja huo ililipuliwa pale Capaci. Falcone, mke wake Francesca Morvillo na walinzi watatu wakafa. Siku 57 baadaye, tarehe 19 Julai, bomu la gari lilimuua Borsellino na walinzi watano. Ukiwa kwenye basi la kuingia mjini utaona nguzo za kumbukumbu kando ya barabara pale Capaci. Nyamaza kidogo.

Mwaka 2004 vijana walianzisha Addiopizzo, umoja wa wafanyabiashara wanaokataa kulipa pizzo, yaani kodi ya kulazimishwa na wahalifu. Duka lililojiunga hubandika kibandiko mlangoni. Nunua huko. Na tafadhali usirudi nyumbani na fulana wala sumaku ya friji yenye picha ya jambazi.

Mwafrika hupokelewaje?

Kwa jumla vizuri, hasa kwenye masoko na mitaa ya kale, ambako wewe si kitu kigeni. Utakutana na askari akikuomba vitambulisho vituoni mara nyingi kuliko anavyomwomba mwenzako mweupe; tembea na nakala ya pasipoti, jibu kwa upole.

Kuna jambo litakaloumiza macho. Karibu kila duka la vyombo vya udongo huuza vichwa viwili vilivyo vyungu vya maua, mwanamke mweupe na mwanamume mweusi mwenye taji. Hadithi yake ni kwamba msichana wa Kalsa alimpenda Mwafrika, akagundua ana mke na watoto kwao, akamkata kichwa usingizini na kupanda mrehani ndani yake. Wenyeji wengi huvipenda bila ya kuwaza zaidi. Mimi sivinunui, na mgeni akiniuliza maana yake humweleza yote, pamoja na sehemu ya kukatwa kichwa.

Afadhali umtafute Benedetto. Alizaliwa San Fratello, upande wa Messina, mnamo 1526, wazazi wake wakiwa Waafrika watumwa. Akawa mtawa wa Wafransisko, mpishi wa nyumba ya watawa ya Santa Maria di Gesù nje kidogo ya Palermo, kisha akachaguliwa kuwa mkuu wao ingawa hakujua kusoma. Alifariki 1589. Mwaka 1652 baraza la mji lilimfanya mmoja wa walinzi wa Palermo, na 1807 akatangazwa mtakatifu. Julai 2023 moto wa porini ulishuka mlimani ukaingia kanisani na kuunguza masalia yake. Nilipopata habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu.

Catania na Etna vinafaa kwa siku moja?

Catania siku moja, Etna siku nyingine. Mji uligubikwa na lava ya Etna pande zake mwaka 1669, kisha tetemeko la tarehe 11 Januari 1693 likaubomoa. Waliujenga upya kwa jiwe lilelile la mlima, ndiyo maana kuta zake ni nyeusi. Katikati ya Piazza Duomo kuna tembo wa jiwe la lava amebeba nguzo ya Kimisri mgongoni. Ndiye nembo ya mji, wanamwita Liotru. Nyuma yake tu kuna soko la samaki, na sakafu yake haikauki. Ngome ya Ursino ilikuwa imesimama ufukweni. Lava ya 1669 iliizunguka na kuisogeza bahari mbali.

Etna una zaidi ya mita 3,300. Basi la asubuhi kutoka Catania hufika kituo cha Rifugio Sapienza, kama mita 1,900, na kutoka hapo gari la kamba hupanda hadi 2,500. Juu zaidi ni kwa mwongozaji, na siku mlima unapochafuka hufungwa. Chukua koti hata mwezi wa nane.

Siracusa pana nini kisichopatikana kwingine?

Kanisa lake kuu, kwenye kisiwa cha Ortigia. Wagiriki walijenga hekalu la Athena hapo karne ya 5 kabla ya Kristo. Wakristo walijaza kuta katikati ya nguzo likawa kanisa, Waarabu wakaligeuza msikiti, Wanormani wakalirudisha. Nguzo za hekalu hazikuondolewa. Zipo ukutani, nene, zimeinama kidogo, na unaweza kuzishika. Kisha potea katika vichochoro vya Giudecca, mtaa wa Wayahudi waliofukuzwa na amri ya mfalme wa Hispania ya 1492. Chini ya ardhi mahodhi yao ya kujitoharisha bado yana maji.

Nimesikia kuna picha za wanyama wa Afrika. Ziko wapi?

Villa Romana del Casale, karibu na Piazza Armerina, katikati ya kisiwa. Ni nyumba ya tajiri wa Kirumi ya karne ya 4, na sakafu zake zimejaa picha za vijiwe. Kwenye ukumbi mrefu wa kama mita 60 kuna uwindaji mkubwa: tembo anavutwa kwa minyororo kupanda merikebu, faru anaburutwa kutoka kinamasini, mbuni amekumbatiwa na mtu anayepanda ngazi. Walikuwa wanapelekwa kuuawa kwenye michezo ya Roma. Bila gari kufika ni tabu. Ukipata gari, unganisha na mji wa Agrigento, ukaone hekalu la Kigiriki la Concordia jua likizama.

Niende mwezi gani?

Aprili hadi katikati ya Juni, au mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Tarehe 11 Agosti 2021 karibu na Siracusa kipimajoto kilifika nyuzi 48.8, rekodi ya Ulaya. Anayetaka sherehe avumilie joto na afike Palermo usiku wa tarehe 14 Julai, sikukuu ya Santa Rosalia, ambaye wenyeji husema aliwaokoa na tauni ya 1624.

Usafiri?

Kati ya Palermo na Catania basi huchukua kama saa tatu. Kwenda Trapani chukua basi. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongwe mhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Ukikodi gari, usiingie mji wa kale: kamera zipo na faini itakufuata hadi nyumbani.

Viza?

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Anayeishi Ujerumani au Ufaransa kwa kibali halali anaweza kwenda bila viza nyingine. Anayeishi London kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania lazima aombe.

Makanisani nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake, na wasimamizi wa Monreale hurudisha watu mlangoni. Mlangoni huuza shuka za karatasi zinazochanika kabla hujafika madhabahuni. Beba kanga.